Kupunguza Uzito wa Flaiwili katika Injini ya Gari la Zamani: Tahadhari kwa Mafundi

Flaiwili, ile inayoitwa gurudumu tegemeo vitabuni, haihitaji maelezo marefu mbele ya mafundi. Hufungwa nyuma ya krenkishafti, hutunza nguvu ya mlipuko wa silinda moja mpaka ifike zamu ya nyingine, hubeba klachi na meno ya starta. Ikiwa nyepesi, injini hupandisha na kushusha mizunguko upesi.

Mfano wa mada hii ni MGB, gari la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, lenye injini ya silinda 4 na ujazo wa cc 1,798. Chukulia kilo 3 zimeondolewa ukingoni, sentimita 13 kutoka katikati. Kwa gia zilizofungwa tangu mwishoni mwa 1967, gari likiwa gia ya kwanza huchanganya kana kwamba limetuliwa mzigo wa kilo 100 hivi. Kwenye gia ya nne faida hiyo hubaki kilo 9. Nguvu ya injini haiongezeki hata kidogo, na sailensa huwa ngumu kutulia.

Tatizo lenyewe liko kwenye mashine ya kukereza. Flaiwili nyingi za kiwandani za enzi hizo ni chuma cha kusubu, chuma kinachostahimili kugandamizwa lakini si kuvutwa. Kwa mizunguko 6,500 kwa dakika, ukingo ulio sentimita 14 kutoka katikati hukimbia kwa takriban kilomita 340 kwa saa. Mizunguko ikiongezeka maradufu, mvuto unaotaka kuipasua flaiwili huongezeka mara nne. Na kasha la klachi liko jirani kabisa na miguu ya dereva!

Mtoa mada amelisema hili kwa miaka, na bado zinaletwa flaiwili zilizochimbwa ovyo: kona kali iliyoachwa na kisu cha mashine nyuma ya matundu ya bolti, na kutoka kwenye kona hiyo ufa mwembamba kama unywele. Wengine huchimba karibu na kitovu. Hapo ni kudhoofisha chuma bure, kwa sababu kilo 1 ya ukingoni huelemea mzunguko sawa na kilo 4 zilizo nusu ya umbali huo kutoka katikati.

Inapendekezwa, kwa hiyo, injini ya mashindano ifungwe flaiwili mpya ya feleji. Ya chuma cha kusubu isikerezwe kwa ajili ya mizunguko mikubwa. Bolti ziwe mpya na zikazwe kwa spana ya kipimo. Flaiwili ipimwe balansi pamoja na krenkishafti na kava ya klachi. Gari la safari za kawaida liachiwe flaiwili yake. Kitovu kisiguswe. Nyufa zitafutwe kwa dawa ya rangi kabla ya kufunga, hata kama flaiwili inang'aa.

Iliyokwisha kupata ufa haichomelewi. Itupwe.