Maji Hayapigi Hodi

Somo: Nehemia 3

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya mchezo. Huenda mzee mmoja akauliza, Je, wachungaji wameishiwa na Neno hata watuletee michezo redioni? Tunamwomba avumilie kidogo. Bwana wetu mwenyewe aliwatazama watoto wakicheza sokoni, akapata mfano.

Mchezo huu huchezwa mezani, juu ya ubao uliochorwa ramani ya Uholanzi. Unaitwa Pandemic: Rising Tide, nao ulitungwa na Jeroen Doumen na Matt Leacock, ukatolewa mwaka 2017. Karibu robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, na watu wa huko hawaogopi maji bure. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta zao, na watu 1,836 wakafa.

Sisi watu wa Pwani tunalijua bao. Katika bao mtu hula kete za mwenzake mpaka mmoja ashindwe. Katika mchezo huu hakuna wa kuliwa. Wote wako upande mmoja, na adui ni maji. Kila mchezaji ana kazi yake na ujuzi wake. Kwa zamu wao hujenga kuta na mashine za kuvuta maji, huku kadi zikifunuliwa na kubomoa kuta hapa na pale. Mahali pasipo na ukuta, maji hutoka kule yalikojaa yakaingia kwa jirani. Wakishinda, wameshinda wote. Wakishindwa, ni wote pia. Hakuna wa pili wala wa tatu.

Tulipoketi na vijana kuucheza tuliona mambo mawili. Kwanza, kila mmoja alipenda kujenga pale aliposimama, na maji yakaingia pale ambapo hapakuwa na mtu. Tena alikuwapo kijana mmoja mwenye akili nyingi, akaanza kuwaamuru wenzake: wewe weka hapa, wewe nenda kule. Baada ya muda wengine wakanyamaza. Binti mmoja akaondoka mezani akaenda kupika chai. Maji yalipopita, yalipita upande wa yule binti, maana ni yeye peke yake aliyekuwa akiuangalia.

Sasa fungueni Nehemia sura ya tatu. Wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina. Lakini tazameni ni majina ya nani. Yuko mfua dhahabu, yuko mtengeneza manukato, wako makuhani. Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Wengi wamepewa sehemu iliyo mbele ya nyumba zao, na ambapo mmoja anaishia, mwingine anaanzia. Ni wakuu wa Watekoa tu walioona kazi ile haiwafai shingo zao. Na watu wa kawaida wa Tekoa walifanya nini? Someni mstari wa 5, kisha mwende mpaka wa 27, mtaona kwamba walijenga sehemu mbili.

Turudi kwetu Kwale. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, ukaja kuingia baharini karibu na Vanga. Mkulima anayelima mpaka ukingoni mwa mto huko juu hamjui mvuvi wa Vanga, lakini mvua ikinyesha udongo wake unamfikia. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hata mikoko mingi katika hori ya Mwache ikafa, mizizi yake imezikwa. Na mikoko ndiyo ukuta wetu. Haiwezi kuuzuia mto usifurike, huo ni ukweli, lakini hupunguza nguvu ya mawimbi na kuushika ufuo usiliwe.

Kule Gazi na Makongeni wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013. Fedha wanazopata kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata, nao wanalinda hekta 460 hivi. Akina mama wako humo matopeni wakipanda miche, kama wale binti za Shalumu.

Wapo Wakristo wanaotuambia, Hiyo ni kazi ya wenyeji, na wengi wao ni Waislamu. Kanisa lina nini huko? Wengine husema, Nyumba yangu iko juu, maji hayafiki. Ndugu, tuseme wazi: hayo ni maneno ya wakuu wa Watekoa. Bahari ikipanda haitauliza nani huswali Ijumaa na nani huja kanisani Jumapili. Na tuulizane jambo dogo zaidi. Fundi akileta boriti za mikoko kwa ujenzi wa jikoni la kanisa, nani katika baraza la wazee ameuliza zilikatwa wapi, na kwa kibali gani? Boriti ile ya bei nafuu yaweza kuwa ndiyo pengo katika ukuta wa mtu wa Msambweni tusiyemjua. Na tukienda kwa jirani zetu wa Gazi, tusiende kama yule kijana mwenye akili nyingi. Wao wameijua bahari hiyo kabla yetu. Tuende tukaulize ni sehemu gani bado haina mtu.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wanaolala Vanga usiku huu wakisikiliza mvua. Uwakumbuke wanaolima kandokando ya Umba, pande zote mbili za mpaka. Utuonyeshe sehemu yetu ya ukuta, nasi tuianze juma hili. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.