K.n.y. Mheshimiwa: Nani Hasa Hujibu Barua za Watu Wasiojulikana?

Novemba 1940 mwanafunzi mmoja wa shule ya Wajesuiti mjini Santiago de Cuba alimwandikia barua Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na mwenyewe alikiri hivyo. Alijitaja kuwa na umri wa miaka 12, ingawa kwa tarehe ya kuzaliwa inayokubalika alikuwa amefikisha 14. Alimpongeza rais kwa kuchaguliwa tena, kisha akataja haja yake: aletewe noti ya kijani ya dola 10, maana hajapata kuiona maishani. Mwishoni aliongeza kishawishi. Ikiwa Marekani inahitaji chuma cha kuundia meli, yeye yuko tayari kuonyesha yaliko machimbo makubwa, huko Mayarí.

Dola hazikuja. Lilikuja jibu rasmi la shukrani, na kwa masimulizi ya mtoto huyo alipokuwa mtu mzima, shule ililifurahia hata ikalibandika ubaoni. Jina lake Fidel Castro. Barua yenyewe iko hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani, miongoni mwa makaratasi ya Wizara ya Mambo ya Nje, na hapo ndipo mahali pa kuanzia makala haya. Barua iliyoelekezwa kwa rais iliishia katika majalada ya wizara. Mtu fulani, ambaye historia haikumjali, aliifungua bahasha, akaisoma, akaamua inakwenda wapi na ijibiwe namna gani.

Watu huuliza: je, wakubwa huwajibu wenyewe wasiowajua? Wapo wanaoapa kwamba hakuna mkubwa anayesoma barua ya mtu wa kawaida, na wapo wenye bahasha iliyotunzwa kabatini kuthibitisha kinyume. Pande zote mbili huitazama saini. Makala haya yanashikilia kwamba saini huja baadaye. Hatima ya barua ya mtu asiyejulikana huamuliwa na mchambuzi aliyekaa kati ya mlango na meza, na la kumdai mkubwa ni kwamba asimfiche mchambuzi huyo.

Zamani hesabu iliruhusu mengine. Oktoba 1860 msichana wa miaka 11, Grace Bedell wa Westfield, jimbo la New York, alimshauri Abraham Lincoln, aliyekuwa mgombea, afuge ndevu kwa sababu uso wake ni mwembamba mno. Barua iliandikwa tarehe 15, jibu likaandikwa tarehe 19 kwa mkono wa Lincoln mwenyewe, akiuliza kama watu hawatamwona mwenye madaha akianza kufuga ndevu wakati ule. Alizifuga. Februari iliyofuata, treni iliyokuwa ikimpeleka kuapishwa ilisimama Westfield, naye akauliza alipo binti yule.

Mwaka 1897, William McKinley alipoingia madarakani, Ikulu ya Marekani ilipokea kiasi cha barua 100 kwa siku, na karani mmoja, Ira Smith, aliweza kuzimudu. Smith alibaki kwenye kazi hiyo nusu karne. Mwaka 1933 Roosevelt alianza kuwahutubia raia kupitia redio kana kwamba ameketi nao sebuleni, na raia wakamwandikia kama wanavyomwandikia ndugu: barua karibu 450,000 katika juma lake la kwanza madarakani. Mkewe Eleanor peke yake alipata kama 300,000 mwaka ule. Tangu hapo kusema “rais amejibu” kunahitaji maelezo.

Nje ya siasa kuna takwimu nzuri zaidi. Mwaka 2005 watafiti wawili, João Gama Oliveira na Albert-László Barabási, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya barua za Charles Darwin na Albert Einstein. Katika kumbukumbu zilizosalia Darwin alituma barua 7,591 na kupokea 6,530. Einstein alituma zaidi ya 14,500 na kupokea zaidi ya 16,200. Darwin alijibu asilimia 32 ya alizoandikiwa, Einstein asilimia 24. Zaidi ya nusu ya majibu yao yalitoka ndani ya siku kumi, kisha ukafuata mkia mrefu wa barua zilizosubiri miezi, hata miaka. Waliojibiwa walijibiwa upesi, na barua iliyozama chini ya rundo ilikuwa na nafasi finyu ya kuibuka tena. Tabia hiyo haikungoja barua pepe.

Tena Einstein hakuwa peke yake mezani. Tangu 1928 Helen Dukas alikuwa katibu wake na mlinzi wa mlango wake. Hata hivyo Januari 1936 Einstein alimjibu mwanafunzi wa New York aliyeuliza kama wanasayansi husali, na akamjibu kwa uzito uleule ambao angempa profesa mwenzake. Leo Tolstoy naye alikuwa na utaratibu wa wazi kabisa. Bahasha ambazo hakukusudia kuzijibu aliziandikia herufi mbili za Kirusi zenye maana ya “bila jibu”, na nyingine aliwaachia wasaidizi wake. Oktoba 1909 ilimfikia barua kutoka London, ya wakili Mhindi aliyekuwa akitetea haki za watu wake Afrika Kusini. Hiyo haikuandikiwa herufi mbili. Katika siku chache Tolstoy alimjibu Mohandas Gandhi, na mawasiliano yao yakaendelea mpaka Septemba 1910, miezi miwili kabla mzee hajafariki. Mwaka uleule shamba la wapinzani wa ubaguzi karibu na Johannesburg lilipewa jina la Tolstoy.

Mfano wa namna hiyo hupendwa sana na wanaoandika barua, na ni mbaya kwa afya zao. Kwa kila Gandhi kulikuwa na bahasha nyingi zenye herufi mbili.

Msomaji wa Tanzania aliyewahi kuiandikia serikali anaijua njia ya barua kuliko anavyodhani. Bahasha hufika masijala. Hugongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, huingizwa kwenye rejista, hutiwa kwenye jalada, na jalada hupanda kwa ofisa likiwa na dokezo: tafadhali shughulikia, au tafadhali tushauri. Ofisa huandaa rasimu, bosi wake huikata maneno mawili matatu, katibu muhtasi huichapa. Jibu hurudi na kumbukumbu namba, sentensi ya “tafadhali rejea somo tajwa hapo juu”, na chini kabisa, juu ya cheo cha mkubwa, herufi tatu ndogo: k.n.y. Kwa niaba ya.

Watu huzicheka herufi hizo, au huzisoma kama tusi: hata saini ameona tabu kuitia! Lakini katika kanuni zote za barua za kiofisi ni vigumu kupata kitu chenye ukweli zaidi. Zinamwambia mwandishi kwamba mkubwa anabeba dhamana ya maneno haya, ila mkono uliosaini si wake, na mwenye mkono huo yuko hapa, jina lake hili. Mwalimu Nyerere, mwandishi hodari kwa haki yake mwenyewe, alifanya kazi na katibu wake Joan Wicken kwa zaidi ya miaka 30, naye alimsaidia kuandaa maandishi mengi. Hakuna aliyedai kwamba hilo lilimpunguzia Mwalimu umiliki wa mawazo yake.

Uongo huanza pale mkono wa mtu mwingine unapovaa saini ya mkubwa. Thomas Jefferson alipenda sana chombo chenye kalamu mbili zilizounganishwa, kikimpa nakala ya kila barua aliyoandika, lakini pale kalamu ya kwanza ilishikwa na yeye. Mashine ya kusaini ya karne ya 20 haihitaji mwenye jina awepo hata chumbani. Hufuata kigezo cha saini na kuichora kwa wino halisi, mara elfu ukitaka. John Kennedy aliitumia kiasi kwamba mwaka 1965 mtaalamu wa hati za mkono Charles Hamilton aliandika kitabu kizima juu yake. Mashabiki waliotunza picha zenye saini walivunjika moyo, lakini hiyo haikuwa dhara kubwa.

Dhara lilionekana Desemba 2004. Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alikiri kwamba barua za rambirambi kwa familia za wanajeshi waliouawa vitani hazikuwa zimesainiwa kwa mkono wake, akaahidi kwamba kuanzia sasa atazisaini mwenyewe. Ilidaiwa kwamba mashine iliharakisha barua zifike upesi. Kwa leseni ya biashara hoja hiyo ingetosha. Rambirambi haina kazi nyingine isipokuwa kuonyesha kwamba mtu aliacha alilokuwa akifanya, akalitaja jina la marehemu, akalitia wino. Ukiiondoa dakika hiyo moja, kilichobaki ni karatasi. Mwaka 2022 Bob Dylan naye aliomba radhi baada ya nakala za kitabu chake, zilizouzwa dola 599 kila moja kwa ahadi ya saini ya mkono, kugundulika kuwa zilipitia kwenye mashine. Mchapishaji akarudisha fedha. Wateja wa Dylan walirudishiwa chao.

Mfano uliofikiriwa vizuri zaidi katika miaka ya karibuni ni wa Barack Obama. Tangu 2009 aliagiza apelekewe barua 10 za raia kila siku, naye akazisoma usiku pamoja na makabrasha ya kazi. Kwa siku Ikulu iliweza kupata ujumbe 10,000 hivi, wa karatasi na wa barua pepe. Wafanyakazi, vijana wa mafunzo kazini na watu wa kujitolea walizisoma, wakazigawa kwa mada, wakapandisha juu zile zilizowagusa. Katika miaka ya mwisho Fiona Reeves, mkuu wa ofisi hiyo, ndiye aliyechagua 10 na kuzipanga zisomwe kwa mfuatano gani. Chache Obama alizijibu kwa mkono wake. Nyingine aliziandikia pembeni maelekezo kwa wasaidizi, na zilirudi zikiwa na mhuri wa kuonyesha kwamba zimetoka mezani kwake.

Barua moja, ya mwanamke wa Ohio mwenye historia ya saratani aliyeshindwa kumudu bima ya afya iliyopandishwa bei, Obama aliwasomea wakuu wa kampuni za bima wakati sheria ya afya ya 2010 ikipiganiwa, kisha ikatundikwa ukutani karibu na ofisi yake. Bila shaka ilichaguliwa kwa sababu ilifaa hoja iliyokuwa mezani. Basi ni nani aliyesema na rais usiku ule? Mwanamke yule, ndiyo. Na pia mfanyakazi wa ngazi ya chini aliyeona kwamba barua hii, kati ya elfu kumi, ndiyo.

Utaratibu huo mzuri ulikuwa na upofu wake, na upofu wenyewe unaigusa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana karani wa Nairobi, stadi wa kupiga taipu, aliandikia vyuo vingi vya Marekani akiomba nafasi. Hakumjua mtu huko. Zilikuwa siku ambazo Tom Mboya alikuwa akihangaika kuwapeleka vijana wa Kenya ng’ambo kwa masomo, na barua za namna hiyo zilisafiri kwa mafungu. Chuo Kikuu cha Hawaii kilimkubali, akaenda 1959. Ndiye Barack Obama, baba yake rais. Barua zake karibu dazeni mbili, pamoja na maombi yake ya ufadhili, zilikutwa katika nyaraka za kituo cha Schomburg, Harlem. Mwaka 2013 kituo kilimwalika mwanawe aende kuziona. Kufikia Juni 2016, gazeti la New York Times lilipoiandika habari hiyo, bado kilikuwa kinangoja jibu. Msomaji mashuhuri wa barua za wageni hakuwa amekwenda kuzisoma za baba yake, maana mwaliko wa taasisi huingia kwa mlango mwingine kabisa, wenye mchambuzi mwingine.

Waliokataa waziwazi wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Edmund Wilson, mhakiki wa Marekani, alichapisha kadi yenye orodha ya mambo asiyoweza kuyafanya: kusoma miswada, kutoa mihadhara, kujibu hojaji, na kuendelea. Ringo Starr alitangaza kwa video kwamba barua za mashabiki zitakazofika baada ya 20 Oktoba 2008 zitatupwa, akatukanwa sana. Lakini aliweka tarehe, na watu waliokoa stempu zao. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, aliacha barua pepe tangu 1 Januari 1990 baada ya kuitumia miaka 15 hivi. Barua za karatasi alizipokea bado na kuzijibu kwa mafungu, kwa muda wake. Aliyegundua kosa katika vitabu vyake alipewa hundi ya dola 2.56, iliyosainiwa na Knuth mwenyewe. Wengi hawakuzipeleka benki. Walizitia kwenye fremu.

Sasa upande wa pili wa bahasha nao umebadilika. Wakati wa Olimpiki ya 2024 kampuni ya Google ilitoa tangazo la baba anayeiomba programu yake ya akili unde imsaidie binti yake kumwandikia mkimbiaji Sydney McLaughlin-Levrone barua ya ushabiki. Watazamaji walikasirika, na tangazo likaondolewa. Hasira yao ina historia fupi. Nje ya posta na mahakama za miji ya Afrika Mashariki, watu walioandikia wenzao barua kwa malipo wamekaa miaka mingi, na ofisa aliyezipokea alijua fika kwamba maneno yale ya adabu si ya mkulima aliyetia dole gumba. Tofauti ni kwamba dole gumba lilikuwepo, chini ya karatasi, na kila mtu alijua maana yake. Barua iliyotungwa na programu haina alama hiyo, na wala jibu lililotungwa na programu upande wa ofisini. Kuitia alama si kazi ngumu. Masijala zimekuwa zikifanya hivyo kwa herufi tatu.