Mstari Mmoja kwenye Daftari la Kitongoji

Msikilizaji, mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya mpunga na nyumba za watu Rufiji na Kibiti, kila aliyehangaika kutafuta msaada alianzia kwenye daftari. Hapa Ngorongo utaratibu tunaujua: mwenyekiti wa kitongoji anaandika jina la mkuu wa kaya, idadi ya watoto, nyumba imeanguka au imesimama. Unga, maharage na blanketi hugawiwa kwa kufuata mistari ile.

Wapo wasio na mstari. Bibi anayeishi peke yake, aliyevumishiwa uchawi hadi majirani wakaacha kubisha hodi. Kijana mwenye ulemavu anayefichwa chumba cha nyuma. Na yupo ambaye sisi wa redio tumekuwa tukimkwepa: mtu transijenda, aliyezaliwa akaandikwa mwanamume lakini mwenyewe anajijua ni mwanamke, au aliyeandikwa mwanamke naye anajijua ni mwanamume. Akifukuzwa nyumbani, kwenye kaya ya baba yake hahesabiwi tena. Anakojibanza kwa rafiki hahesabiwi pia. Akipanga foleni, jina lililo kwenye kitambulisho linasomwa kwa sauti, watu wanamtazama, kicheko kinaanza mbele hadi nyuma. Siku ya pili haji, hata kama hajala.

Najua wapo watakaosema hili ni suala la dini na mila. Simwombi mtu abadili imani yake. Nazungumzia blanketi, chandarua na dawa. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kwamba utu wa kila mtu unastahili kuheshimiwa. Haikumtoa yeyote.

Na sisi Rufiji tuna mfano wa kujivunia. Mwaka 2011, kupitia mradi wa Connect wa Taasisi ya Afya Ifakara, wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga zilianza kupata WAJA, mawakala wa afya ya jamii. Wanakijiji waliwachagua wenyewe, wakasomeshwa miezi tisa, wakarudi kuhudumia kwao kwa kupita nyumba hadi nyumba. Nyumba hadi nyumba, msikilizaji, maana yake ni pamoja na ile nyumba inayosemwa vibaya. Mhudumu anayejua kuketi, kusikiliza na kufunga mdomo akitoka, huyo ataaminiwa na mtu ambaye zahanati imemshinda kwa aibu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa namna hiyo zaidi ya 137,000 nchi nzima. Naomba somo la kutunza siri na kutobagua lipewe uzito uleule wa somo la malaria.

Tumeshaona kinyume chake. Februari 2017 serikali ilisimamisha vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi yaliyo kwenye hatari zaidi. Mtu aliyepoteza mahali pa kupimwa na kupata ushauri bila kutukanwa, wengi walimwona hawahusu. Nami nasema ulikuwa uamuzi mbaya. Virusi havibagui, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa.

Jirani zetu Kenya wanamjua Audrey Mbugua, mwanamke transijenda. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake, kisichotaja jinsia. Mwaka huohuo mahakama iliamuru pia shirika la huko la kutetea watu transijenda lisajiliwe. Cheti chenye jina analotumia kinamwezesha mtu kuomba kazi bila kuanza kwa kujieleza yeye ni nani.

Hapa kwetu tuanze na kilicho mikononi mwetu. Msaragambo ukiitishwa wa kufyeka njia, kuchimba mtaro au kujenga darasa, aitwe na huyo jirani, apewe jembe kama wengine. Akitaka kujitolea kufundisha watoto kusoma au kumchotea bibi maji, apokewe. Watu hufahamiana vizuri wakiwa kazini pamoja, kuliko kwenye mikutano ya kujadiliana nani anafaa.

Ndugu mwenyekiti wa kitongoji, masika mengine yanakuja. Lipitie daftari lako sasa kungali kukavu, ubishe hodi kwenye mlango uliouruka mara iliyopita, na umwandike mtu kwa jina analokutajia.