Watu Wawili kwa Kompyuta Moja

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia na wafadhili wa mradi wa kumbukumbu za zahanati. Imefupishwa kidogo ili itoshe katika jarida.)



Tunajua wengine mmeacha palizi katikati, na wengine mko njiani tangu jana. Tumeombwa tueleze jinsi kikundi chetu cha watengeneza programu kinavyofanya kazi, kwa sababu katika ziara za ukaguzi yamejitokeza maswali, nayo ni maswali ya haki. Mfadhili mmoja alifika ofisini akakuta watu sita mbele ya kompyuta tatu, akauliza kwa nini alipe mishahara sita wakati watatu wanaandika na watatu wanatazama. Kamati moja imeuliza kwa nini kila Alhamisi ya pili tunamchukua mtunza dawa wao. Na karibu wote mmeuliza: mpango kamili uko wapi, na kazi itakwisha lini?

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo mama wa mengine.

Sote tumezoea mradi wa jengo. Ramani inachorwa, inapitishwa, msingi unamwagwa, ukuta unapandishwa, kisha mnaezeka. Programu za kompyuta nazo kwa miaka mingi zilitengenezwa hivyo: orodha ndefu ya mahitaji, sahihi na mhuri, miezi mingi ya ukimya, halafu siku ya makabidhiano. Mwaka 1970 mhandisi Mmarekani Winston Royce aliandika makala ambayo mara nyingi hutajwa kuwa chanzo cha mtindo huo wa hatua kushuka hatua kama maji ya maporomoko. Ajabu ni kwamba katika makala hiyo hiyo Royce alionya kuwa kuufuata hivyo hivyo tu ni hatari, kwa sababu majaribio huja mwishoni, na hapo ndipo makosa ya msingi huonekana. Watu walichukua mchoro wakaliacha onyo.

Tofauti ya jengo na programu ni hii. Anayeagiza nyumba amewahi kuishi ndani ya nyumba. Anayeagiza programu ya stoo ya dawa huenda hajawahi kuiona hata moja, na hawezi kusema anachokitaka mpaka kitu kiwekwe mbele yake akishike. Huo si ujinga wake. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Kwa hiyo sisi tunafuata njia ambayo wenye fani wanaiita ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Jina hilo lilichaguliwa Februari 2001, pale watu 17 wenye uzoefu wa kazi hii walipokutana siku tatu huko Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah, Marekani. Waliandika tamko fupi sana. Kwa maneno yetu, walisema kuwa wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja, na utayari wa kubadilika, kuliko taratibu, makaratasi, vifungu vya mkataba na mpango ulioandikwa mwanzoni. Hawakusema mpango hauna maana. Tunasisitiza hilo, kwa sababu wapo wanaolitumia neno hili kukwepa kutoa hesabu, na mfadhili akiwakimbia hao hatumlaumu.

Kwetu hesabu inatolewa kila baada ya wiki mbili. Tunachagua kazi chache, tunazimaliza, tunazijaribu, na Alhamisi tunamwonyesha mtumiaji mwenyewe kitu kinachofanya kazi. Yasiyokamilika hatuyaonyeshi.

Sasa tuje kwa watu wawili wa kompyuta moja. Mmoja anaandika, mwenzake anafuata mstari kwa mstari, anauliza, anakumbusha, anaona pale jicho la mwandishi lilipopita bila kuona. Baada ya muda wanabadilishana kibodi. Kuna utafiti uliofanywa na Laurie Williams katika Chuo Kikuu cha Utah na kuchapishwa mwaka 2000 pamoja na Alistair Cockburn, mmoja wa wale 17. Wanafunzi waliofanya kazi wawili wawili walitumia muda wa kazi zaidi kwa karibu asilimia 15, si mara mbili kama mtu angedhani, na programu zao zilikuwa na makosa pungufu kwa karibu asilimia 15. Kosa la programu linalokamatwa likiwa bado mezani hurekebishwa kwa dakika. Likikamatwa likiwa tayari zahanati, linahitaji gari, mafuta na siku nzima, na huenda mgonjwa ameshapewa jibu lisilo sahihi kwamba dawa imekwisha.

Wajumbe wa kamati hawahitaji utafiti wa Utah kulielewa hili. Hakuna parokia inayomwachia mtu mmoja kuhesabu sadaka peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku la kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hatufanyi hivyo kwa sababu tunamshuku mweka hazina. Tunamlinda.

Kuna faida nyingine ambayo mfadhili aliyeuliza haikumjia akilini. Vijana wetu wanatafutwa. Makampuni ya mjini yanalipa kuliko sisi, na hatuna la kufanya ila kuwatakia heri wanapoondoka. Kama sehemu ya hesabu za dawa ingekuwa ya fulani peke yake, siku anayoondoka angeondoka nayo. Kwetu hakuna sehemu yenye mwenyewe. Kila kipande kimepita mikononi mwa angalau wawili, na jozi hubadilishwa kila mara ili ujuzi utembee. Mtu akilazwa kwa malaria, kazi haisimami.

Tukiri kwamba kukaa wawili si jambo jepesi kwetu. Tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Mkae basi na kaka mwenye miaka arobaini na binti aliyemaliza chuo mwaka jana, na binti ameona kwamba kaka anakosea. Siku za kwanza binti atanyamaza, na kosa litapita likiwa limetazamwa na macho manne. Tulichokifanya ni kuipa heshima njia nyingine ya kupita. Asemaye anauliza swali: "Kaka, na stoo ikiwa tupu, hapa itakuwaje?" Kaka anajibu kwa kujaribu kwenye kompyuta, na kompyuta haina mkubwa wala mdogo. Kule Japani, katika viwanda vya Toyota ambako sehemu ya mawazo haya ilianzia, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anaruhusiwa kuvuta kamba ili kusimamisha mstari wa uzalishaji. Ni mamlaka makubwa kumpa mtu wa chini. Kwetu kamba hiyo ni lile swali, na tumeona linazoeleka, ingawa polepole.

Wengine mmeshauri tuongeze watu ili kazi iishe haraka. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini hapa tunasita. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa kule IBM, aliandika kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni wanapaswa kufundishwa na wale wale waliokuwa wakifanya kazi, na njia za mawasiliano zinaongezeka kupita idadi ya watu. Fanyeni hesabu: watu sita wana njia 15 za kuzungumza mmoja na mwingine. Watu kumi na wawili wana njia 66. Shamba la msaragambo linapata nafuu kila jembe likiongezeka. Barua inayoandikwa na kamati ya watu kumi na wawili, sote tunajua inavyoishia.

Asubuhi tuna kikao cha kusimama mbele ya ubao wenye vikaratasi, kisichozidi dakika 15. Kila mmoja anasema alichomaliza, anachoshika leo, na kinachomkwamisha. Tunasimama kwa makusudi. Watu wetu tunapenda hotuba, na sisi tunaozungumza hapa ni ushahidi. Miguu ikichoka, maneno hupungua. Mengine kuhusu ubao huo mtayaona wenyewe mkija.

Tulipe uzito zaidi suala la mtunza dawa, maana ndilo lililotuleta hapa.

Katika onyesho moja mama mtunza dawa wa zahanati alitazama sehemu ya kujaza idadi ya dawa iliyopokelewa, akauliza: "Hapa naandika kopo au kidonge?" Kopo moja la vidonge hufika likiwa na vidonge 1,000. Stoo inapokea makopo, dirisha linatoa vidonge, na mwisho wa mwezi ripoti inataka kimojawapo. Kwa mtu wa ofisini ni neno moja tu, "idadi". Kwa yule mama ni tofauti ya kuwa na dawa na kutokuwa nayo. Hakuna orodha ya mahitaji yenye mhuri ambayo ingeliuliza swali lile, na sehemu hiyo ilibadilishwa kabla hajapanda basi la kurudi.

Wenzetu wa jirani walilijua hili mapema. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walifika Eldoret, Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Moi na wabia wake walikuwa wakihudumia wagonjwa wa VVU waliokuwa wakiongezeka kwa kasi. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaanza Rwinkwavu, Rwanda, chini ya shirika la Partners In Health. Ilijengwa ili kliniki iweze kuongeza swali jipya au fomu mpya bila kuivunja programu nzima. Walikubali tangu mwanzo kwamba mahitaji yatabadilika, wakaijenga kwa ajili hiyo.

Lakini upo upande mwingine, na kamati iliyolalamika ina hoja. Kampuni ya magari ya Chrysler kule Marekani ilikuwa na mradi wa programu ya mishahara ambao ni maarufu katika fani hii, kwani hapo ndipo Kent Beck na wenzake, kuanzia mwaka 1996, walipozikomaza nyingi ya desturi tulizozitaja. Mei 1997 programu ilianza kulipa watu wapatao 10,000. Sehemu ya nguvu yake ilikuwa mwakilishi wa watumiaji aliyekaa pamoja na watengeneza programu, akijibu maswali kutwa. Baadaye mwakilishi huyo alichoka kwa mzigo wa kazi akaacha, na pengo lake halikuzibika vizuri. Mradi haukuwafikia wafanyakazi wote waliokusudiwa, na Februari 2000 ulisimamishwa. Zilikuwepo sababu nyingine, ikiwemo kampuni kuungana na Daimler-Benz ya Ujerumani mwaka 1998. Lakini hilo la mwakilishi tunalitazama kwa makini, kwa sababu mtunza dawa wetu akirudi Ijumaa anakuta foleni ya siku mbili ikimsubiri. Hakuna aliyeshika zamu yake. Tukiendelea hivyo atachoka, na ana haki ya kuchoka.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwa wafadhili: mkataba ujao utaje fedha na tarehe ya mwisho, na hivyo tutavishika, bali orodha ya yatakayokuwemo ipangwe upya kila robo mwaka pamoja na zahanati, la muhimu likitangulia. Malipo ya robo inayofuata yategemee kile mlichokiona kikifanya kazi, si ripoti yetu. Ikiwa fedha zitaishia njiani, zahanati zitabaki na programu ndogo inayotumika, si nusu ya kubwa isiyowaka.

Kwa kamati: kila zahanati itoe wawakilishi wawili wa kupokezana, na kamati iandike jina la atakayeshika dirisha la dawa siku hiyo. Bila jina hilo hatutamwita mtu. Nauli na chakula viko katika bajeti yetu, lakini zamu iko mikononi mwenu.

Fomu ziko mezani kwa katibu. Onyesho lijalo ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Wafadhili mtakaokuwa bado hapa mnakaribishwa, na atakayeshika kipanya ni mtunza dawa, si sisi.

Sasa tuko tayari kwa maswali.