Damu Isiyong'aa Chini ya Taa

 

Juzi mtoto alikuwa mzima, akicheza na wenzake. Leo ni mnyonge, viganja vimepauka, macho yana manjano na mkojo ni mweusi kama kahawa. Jirani anasema ni kijicho. Mwingine anasema ni malaria. Huenda ni malaria kweli. Lakini huenda pia damu yake ina upungufu wa G6PD.

Ni nini hicho? Oksijeni tunayovuta hutupa uhai, lakini ikitumika mwilini hutoa chembechembe kali, kama moto wa jikoni unavyotoa cheche. Seli nyekundu za damu huwa na silaha ya kuzima cheche hizo. Kimeng'enya kiitwacho G6PD ndicho kinachotengeneza silaha hiyo. Mtoto mwenye upungufu huishi vizuri siku nyingi. Cheche zikizidi, seli zake hupasuka na damu hupungua kwa haraka.

Hali hii hurithiwa, na huwapata zaidi wavulana. Inapatikana sana penye malaria nyingi, kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Si laana, wala si kosa la mama.

Hujulikana vipi? Mhudumu wa maabara huchukua tone la damu, hulichanganya na dawa ya kupimia, kisha hulidondosha kwenye karatasi maalum. Karatasi ikikauka, huimulika gizani kwa taa inayofanana na ile ya kukagulia noti benki. Damu yenye G6PD ya kutosha hung'aa. Kinachong'aa ni ile silaha yenyewe. Damu yenye upungufu mkubwa hubaki giza. Si kila zahanati ina kipimo hiki, kwa hivyo uliza hospitali kubwa. Kikifanywa mara tu baada ya mtoto kuugua, chaweza kudanganya, kwa sababu seli changa huwa na G6PD nyingi zaidi. Daktari anaweza kukurudisha baada ya miezi mitatu.

Mambo gani huongeza cheche? Kwanza ni maambukizi. Pili ni baadhi ya dawa, kama primaquine na dapsone. Mwaka 2008, dawa ya malaria iliyochanganywa na dapsone iliondolewa sokoni kwa sababu iliwapunguzia damu wagonjwa wenye upungufu huu. Tatu ni vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka sandukuni kufukuza nondo. Usihifadhi navyo nguo wala blanketi za mtoto mchanga.

Mama, kumbuka mambo haya:
- Mkojo mweusi, macho ya manjano au viganja vilivyopauka: kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.
- Mtoto mchanga akiwa wa manjano, usingoje jua la asubuhi limponye. Manjano yakizidi huharibu ubongo.
- Mtoto akipatikana na upungufu, omba uandikiwe kwenye kadi yake ya kliniki, na uionyeshe kila anapoandikiwa dawa.
- Usimnunulie dawa dukani bila ushauri, wala usimkatize dawa ya malaria aliyopewa hospitalini.

Tone moja la damu laweza kukuonya mapema.