Panya na Chanjo ya Uti wa Mgongo

Panya tunamjua kuwa mwizi wa mahindi ghalani. Leo tumzungumzie kwa kazi nyingine.

Homa ya uti wa mgongo yaweza kumwua mtoto kwa siku moja. Vijidudu vyake ni vya aina kadhaa. Huko Ulaya aina B ndiyo iliyosumbua zaidi. Ganda la kijidudu hicho lina sukari inayofanana na ya miili yetu. Basi askari wa damu hukiona ni ndugu, hukiacha kipite!

Wataalamu wa mji wa Siena, Italia, wakaliacha ganda, wakatafuta protini zilizo kwenye ngozi yake. Walitengeneza protini 350 hivi, wakawadunga panya. Kisha walichukua maji ya damu ya panya hao, wakayachanganya na vijidudu hai. Je, vitakufa? Mara nyingi havikufa. Protini zilizoviua hazikufika 30. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2000.

Lakini panya si mtu, jamani. Ilibidi watu nao wajaribiwe, polepole. Chanjo iliruhusiwa Ulaya mwaka 2013, na ndani yake zimo protini tatu zilizotokana na kazi ile ya panya.