Kitambulisho Hakiazimwi



Wazee wetu walivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915. Alama za vidole na mshahara wa mtu viliandikwa humo, na Mwafrika aliyekutwa hana alishitakiwa. Mwaka 1947 ndipo ikatungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Kitambulisho cha leo si mnyororo, ni mali yako. Lakini wako madalali wanaotafuta vitambulisho vya watu ili wawauzie walioingia nchini bila hati. Mwenzetu mmoja alitoa chake kwa siku mbili, kwa shilingi chache. Baadaye akakuta laini nne za simu zimeandikwa kwa jina lake, na moja ina deni la mkopo. Dalali hakuulizwa kitu; aliulizwa yeye.

Simlaumu mgeni. Asiye na hati hulipwa kidogo na hathubutu kulalamika, na tajiri akishampata huyo, mshahara wetu sote hushuka. Adui ni dalali.

Basi, usimpe mtu kitambulisho chako. Kikipotea, andikisha polisi siku ile ile. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Usiyoijua, iambie kampuni ya simu. Na aliyekwisha kuibiwa jina aje kwa katibu wa tawi, asikae na aibu peke yake.